Suti ya papa na mikunjo yake

Mwezi huu tulipatana kila mtu aandike juu ya kitu kimoja kilichotoka nyumbani. Nimesoma za wenzangu: sufuria, ufunguo wa nyumba ambayo haiko tena, picha ya darasa la sita. Mimi naandika juu ya suti. Msicheke bado.

Kwanza maneno. Kwetu Kongo hatusemi suti, tunasema kostimu. Koti lake ni vesti, suruali ni pantalo, tai ni karavati. Hapa Uganda nimezoea kusema suti, kwa hiyo nitachanganya, na najua mtanielewa.

Suti yenyewe ni ya papa. Ni ya sufu, rangi ya majivu yenye giza, vifungo sita mbele, ile ambayo upande mmoja unalala juu ya mwingine. Mabega yana mito ndani, mapana kabisa. Pantalo ina marinda mawili kila upande, na chini imekunjwa kwa nje. Papa alishonewa Bujumbura mwaka 1992 kwa ajili ya harusi yake. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa pale Uvira, na mama anasema alilipa kwa awamu, miezi mitano, mpaka fundi akachoka kumdai.

Mwaka huo una maana yake. Wadogo kwenye kikundi huenda hamjui kwamba kuna wakati mwanaume wa Kongo alikuwa haruhusiwi kuvaa suti na karavati. Katika miaka ya 1970, wakati nchi ilikuwa inaitwa Zaire, Mobutu alisema hayo ni mavazi ya mkoloni. Badala yake wanaume wavae abakosti, koti lenye kola fupi, bila shati ya kola ndani wala karavati. Jina lenyewe limetoka kwenye Kifaransa, maneno ya kusema suti ianguke. Papa alisoma hivyo, akaanza kufundisha hivyo. Halafu tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akatoa hotuba kwamba chama kimoja kimeisha, na karavati ikarudi. Mama anasema papa alikaa miaka miwili akitafuta pesa ya suti. Haikuwa suti ya harusi tu. Ilikuwa suti ya kwanza ya maisha yake, na yeye alikuwa na miaka zaidi ya thelathini.

Na kwa nini pana hivyo? Kwa sababu wakati ule dunia yote ilikuwa pana. Giorgio Armani wa Milano alikuwa ametoa ule ugumu wa ndani ya koti, akaliacha lianguke laini mwilini, na filamu ya American Gigolo ya mwaka 1980 ikamtangaza kila mahali. Miaka kumi iliyofuata, mabega yakazidi kupanuka, pantalo zikazidi kujaa hewa. Fundi wa Bujumbura hakumkosea papa kipimo. Alimshonea mtindo wa siku zile.

Papa alifariki 2010, sukari. Sisi tukakimbia 2013. Mama alikuwa na mfuko mmoja wa kubeba mgongoni na mtoto mmoja wa kumshika mkono. Aliweka vyeti vyetu vya kuzaliwa, diploma ya papa na karatasi za shule katikati ya ile suti, akaikunja, akaifunga kwa kitenge. Watu wanafikiri alibeba suti kwa ajili ya kumbukumbu. Yeye mwenyewe anasema hapana, alihitaji kitu kizito cha kuzuia karatasi zisilowe. Tulipita Burundi, tukapita Rwanda, mvua ikatupiga mara mbili. Karatasi zilifika Nakivale zikiwa kavu.

2016

Miaka mitatu baadaye nikaitwa kwenye usaili. Shirika moja lilikuwa linatafuta mkalimani wa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Nilikuwa na miaka 21. Nikatoa suti chini ya kitanda, nikaivaa, nikatoka nje. Vijana waliokuwa wanachota maji wakaweka majeri chini ili wacheke vizuri. Mmoja akasema, "Wee, umevaa nyumba! Na sisi tutapanga chumba humo?"

Walikuwa na haki. Mwaka 2016 kila kijana alitaka kubanwa. Mtindo huo haukuanzia kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Hedi Slimane alipokuwa anabuni nguo za wanaume za Dior Homme, alitengeneza suti nyembamba kama penseli, bega dogo, tai nyembamba, mguu umebana. Ilianza na watu wa muziki na wa picha, ikafika maofisini, ikafika kwa maharusi, mwisho ikafika kwetu kwenye video za simu. Kitu ambacho hakikufika kwa wakati ni nguo zenyewe. Sisi tunavaa mivumba, wale wa Tanzania na Kenya wanaita mitumba, na mzigo wa mivumba ni nguo ambazo wenyewe huko wameshazichoka. Kwa hiyo macho yetu yalikuwa ya 2016 lakini soko lilikuwa bado limejaa makoti ya 1995. Katikati ya hayo mawili alikaa fundi.

Fundi wetu ni muzee wa Bukavu, anakaa chini ya bati karibu na njia, ana cherehani ya kukanyaga. Nilipofika kwake redio ilikuwa inapiga Papa Wemba. Wiki zile Wakongomani wote walikuwa wanapiga Papa Wemba, kwa sababu alikuwa ameanguka jukwaani Abidjan na kufa, tarehe 24 Aprili 2016. Muzee aliniambia hiyo ndiyo tarehe ileile ya hotuba, miaka 26 kamili tangu karavati iruhusiwe. Kwake haikuwa bahati. Papa Wemba ndiye aliyewafundisha vijana wa Kinshasa kupenda Sape, kuvaa nguo kali hata kama nyumbani hakuna kitu, na kwa miaka mingi hayo yalifanyika wakati nchi bado ina sheria ya abakosti. Nilimsikiliza muzee kwa heshima, lakini akili yangu ilikuwa kwenye usaili.

"Sasa unataka nifanye nini?" akauliza.

"Ikate, muzee. Ikae kama ya vijana."

Akaigeuza suti ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa mgongo. "Papa yako alikuwa mutu munene?"

"Hapana. Alikuwa kama mimi."

"Basi fundi hakukosea. Ni wakati ule ndiyo ulikuwa munene." Akaniangalia juu ya miwani. "Sitakata. Nitakunja. Nikisha kata, kitambaa hairudi tena. Nikikunja, siku moja mutu atafungua."

Mimi nilikuwa na haraka, nikasema sawa tu. Leo najua alifanya nini, kwa sababu nimeshaiona suti hii imefunguliwa mara nyingi. Alifungua kitambaa cha ndani, akaingiza mishono ya ubavuni na ya katikati ya mgongo, vidole viwili kila mahali, na akaacha kitambaa kilichozidi kikae ndani bila kukigusa kwa mkasi. Akasogeza vifungo. Pantalo akaibana kuanzia gotini kushuka chini, akashona marinda yafungwe. Mabega hakuyagusa. "Bega ni nguzo ya nyumba," alisema. "Ukibomoa bega, vesti yote inalia." Nikalipa shilingi elfu kumi na tano, nikaondoka na mwili wa 2016 na mabega ya 1992.

Usaili

Waliokuwa wanauliza maswali walikuwa watatu. Wote walikuwa na fulana zenye kola, jinsi, na juu yake kile kikoti cha mifuko mingi chenye alama ya shirika. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa na karavati. Nilikuwa natoka jasho. Mmoja akaniuliza kwa utani kama nimetoka kanisani au nakwenda. Wenzake wakacheka kidogo. Nikacheka na mimi, kwa sababu ungefanya nini?

Sikupata kazi. Wiki mbili baadaye mtu aliyekuwa anafanya usafi pale akaniambia amesikia wakisema kwamba yule wa suti haonekani kama mtu mwenye shida. Nilirudi nyumbani, nikaivua suti kwenye begi, nikaisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Mama akaona. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nguo haikukukosea kitu, mutoto yangu," akaitoa, akaitundika.

Hiyo habari nimeisimulia mara nyingi sana kwa miaka tisa. Nimeisimulia hata kwenye mafunzo ya mashirika, na watu wananipigia makofi. Baadaye nitawaambia mahali ambapo sikuisema yote.

Daftari ya mama

Kuanzia 2017 suti ikaanza kazi yake ya pili. Jirani alikuwa anaoa, hana nguo. Mama akampa. Halafu kijana mmoja alikuwa anamaliza chuo Mbarara. Halafu mwingine alikuwa na usaili. Mama akafungua daftari: jina, tarehe, shughuli, siku ya kurudisha. Masharti ni mawili, usiifue kwa maji, na usiipige pasi bila kitambaa katikati. Mpaka leo daftari ina watu 31.

Kila mtu alipita kwanza kwa muzee, na kila mtu alitaka mtindo wa mwaka wake. Ukipanga wale watu kwa tarehe, unaona mtindo unavyotembea kama unaangalia mtoto anakua.

Wa 2017 walitaka kubanwa zaidi yangu. Mmoja hakuweza kukaa, alisimama harusi nzima, na ni yeye alikuwa bwana harusi. Mchungaji alimwambia mbele ya watu kwamba ile pantalo ni ya dada yake.

Wa 2018 na 2019 walitaka pantalo fupi, kifundo cha mguu kionekane, bila soksi. Hiyo nayo ilitoka mbali. Kule New York, Thom Browne alianza miaka ya mwanzo ya 2000 kuuza suti zilizopunguzwa, pantalo inayoishia juu ya viatu, na watu wakamcheka kama nilivyochekwa mimi na majeri. Miaka kumi na tano baadaye wanaume wa kawaida wote wanaonyesha kifundo. Muzee alikunja chini ya pantalo, hakukata, akisema, "Hii pantalo inaogopa maji."

2020 suti ilitundikwa mwaka mzima. Korona. Makanisa yamefungwa, harusi hakuna, mama akawa anaitoa juani mara moja kwa mwezi ili nondo wasiile. Na wale wenye ofisi huko duniani nao walikuwa wanakaa nyumbani, wanafanya mikutano kwenye kompyuta, juu shati, chini pajama. Mtu akishazoea kupumua tumboni, kumrudisha kwenye kubanwa ni kazi.

Na kweli, kuanzia 2022, 2023, wakaanza kuja vijana wanaosema kinyume. "Muzee, achia. Achia kidogo. Achia tena." Pantalo pana, marinda yaonekane, koti lianguke. Muzee alikuwa anacheka peke yake kwenye cherehani. Kitambaa alichokunja 2016 kilikuwa kinamsubiri.

Upana ni wa nani?

Nilijiuliza sana kwa nini suti iliwasumbua wale watu watatu. Nikaanza kusoma kwenye simu, usiku, wakati bando ni rahisi. Nikakuta habari moja ambayo sijaisahau.

Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, serikali iliweka masharti kwenye nguo ili sufu itoshe jeshi. Makoti yafupishwe, mikunjo ya chini ya pantalo iondolewe, kitambaa kisipotee. Lakini kulikuwa na vijana, wengi wao Wamarekani weusi na wenye asili ya Mexico, waliokuwa wanavaa suti inayoitwa zuti: koti refu karibu na goti, mabega mapana, pantalo pana juu na kubana kwenye kifundo. Mwezi wa sita 1943 pale Los Angeles, wanamaji na wanajeshi wengine waliingia mitaani siku kadhaa, wakawapiga vijana hao na kuwavua nguo hadharani.

Sababu waliyotoa ilikuwa kitambaa. Mimi naona kitambaa kilikuwa kisingizio. Kilichowaudhi ni kijana maskini kuchukua nafasi kubwa kuliko ile aliyopewa. Akivaa pana tajiri, ni mtindo. Akivaa pana maskini, ni dharau. Na wanaovaa Sape wanaulizwa swali lilelile kila siku: kwa nini unavaa hivyo na unakaa pale?

Hata wakubwa hawaponi. Mwezi wa kumi na moja 2023, Spika wa Bunge la Kenya alikataza suti ya Kaunda ndani ya bunge, ile ya kola fupi isiyo na tai, ambayo Kenneth Kaunda wa Zambia ndiye aliyeipa jina. Fikiria hiyo. Kongo ya zamani ilikataza karavati kwa sababu ni ya mzungu. Kenya ya juzi ikakataza koti lisilo na karavati kwa sababu halina heshima ya kutosha. Katika nchi mbili, shingo ya mwanaume ni shughuli ya serikali.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mashirika mnaosoma hapa, na najua mnasoma, naomba niseme bila hasira. Kile kikoti chenu cha mifuko mingi nacho ni suti. Kinasema huyu ana ofisi, ana gari, msimzuie getini. Mmekizoea mpaka hamkioni. Sisi tunakiona. Na mkimbizi akija mbele yenu amepiga pasi, msidhani hana shida. Huenda alikopa shati, akakopa makaa ya pasi, na hajala tangu asubuhi. Kuna mama wengi hapa wanaowavua watoto wao nguo nzuri siku ya uhakiki ili waonekane wanavyotakiwa kuonekana. Hiyo ni kazi mbaya kumpa mama.

Mdogo wangu

Sasa tufike mwaka huu. Mdogo wangu ana miaka 20. Ndiye yule mtoto aliyeshikwa mkono njiani. Ameitwa kwenye usaili wa ufadhili wa chuo kikuu. Akaja kwangu jioni, akasema anataka suti, na anataka ifunguliwe yote, iwe pana kama sasa hivi watu wanavyovaa.

Nikamkatalia. Nikamwambia vaa shati jeupe, pantalo nyeusi, basi. Nikamrudia ile habari yangu ya 2016, wale watatu, ule utani wa kanisa, yule mtu wa usafi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza:

"Yaya, mlikuwa watu wangapi siku ile?"

"Wengi. Kama sitini."

"Na nafasi?"

"Moja."

"Na mtihani wa kutafsiri ulifanyaje?"

Nilinyamaza. Hapo ndipo pale ambapo huwa sisemi. Kulikuwa na karatasi moja ya Kiingereza ya kutafsiri kwa Kiswahili, inahusu haki ya mwombaji hifadhi. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha mtaani. Nilichanganya mwombaji hifadhi na mkimbizi toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na kwenye kazi ile hilo si kosa dogo, linaweza kumharibia mtu faili. Nilijua nimekosea kabla sijatoka mlangoni. Aliyechukuliwa ni dada mmoja kutoka Goma, na nimefanya naye kazi baadaye, anatafsiri kuliko mimi mpaka leo.

Ule utani ulikuwa mbaya. Nasimama hapo. Lakini si utani uliochukua ile kazi. Kwa miaka tisa niliipa suti ya papa kosa langu mimi, na mdogo wangu ambaye hakumjua vizuri papa ndiye aliyeitetea.

"Nitavaa," akasema. "Wakicheka, nitaanza na kusoma majibu yangu."

Tukaenda kwa muzee. Macho yake siku hizi hayaoni uzi, kazi anafanya msichana wa Kirundi aliyemfundisha mwenyewe. Muzee anakaa pembeni anapapasa mishono kwa kidole, anamwambia, "Hapo. Hapo tena." Msichana akafungua ubavu, akafungua mgongo, akafungua marinda, akateremsha chini ya pantalo. Kitambaa chote kilikuwepo. Hakikupungua hata kidole kimoja.

Lakini kulikuwa na mistari. Kila mahali palipokuwa pamekunjwa palikuwa na alama, na ndani ya mkunjo rangi ilikuwa imebaki nyeusi zaidi, kama ilivyokuwa dukani Bujumbura. Nje imepauka na jua la Nakivale. Msichana akachanganya siki na maji, akapangusa, akaweka kitambaa juu, akapiga pasi ya makaa polepole. Mistari ikafifia. Haikuisha. Ukisimama karibu unaihesabu: wa kwangu, wa bwana harusi asiyekaa, wa wale wa vifundo.

"Itaonekana?" mdogo wangu akauliza.

Muzee akasema, "Itaonekana kwa fundi. Na fundi hataulizwa."

Kwa wale wanaotaka kununua yao

Nimejifunza vitu vichache kwa kukaa kwenye lile benchi, nawagawia. Ukichagua koti kwenye mivumba, anza na bega. Mshono wa bega uishie pale mfupa wako unapoishia. Upana wa tumbo, urefu wa mkono, mguu wa pantalo, hayo fundi anarekebisha. Bega lililozidi utalilipia kuliko koti lenyewe. Pili, geuza ndani uangalie mishono. Kama kuna kitambaa cha akiba, nguo hiyo ina maisha. Kama kimekatwa hadi kwenye uzi, utakaa nayo ilivyo. Tatu, inua juani utafute vitobo vya nondo, hasa kwapani na kwenye makalio ya pantalo. Nne, chomoa uzi mmoja mdogo, uuchome: ukinuka kama nywele ni sufu, ukiyeyuka kama plastiki si sufu. Tano, ukienda kwa fundi, mwambie maneno mawili ya muzee wetu: usikate, kunja. Mtindo wa leo utapita, na wa jana utarudi ukiwa na jina jipya.

Asubuhi ile

Siku ya usaili mdogo wangu alivaa mapema, saa kumi na mbili, ili asikunjane. Alisimama mlangoni. Mabega ya papa, mgongo wa papa, ile pantalo ikianguka juu ya viatu kama kwenye picha ya harusi ambayo hatuna, iliyobaki ukutani Uvira.

Mimi nilifikiri mama atalia. Hakulia. Alimzunguka mara moja, akavuta mkono wa vesti, akaangalia unapoishia.

"Mikono imefika," akasema.

Halafu akachukua cheti chake cha shule, akakikunja mara mbili, akakiweka kwenye mfuko wa ndani, upande uleule ambao karatasi zetu zilisafiria.

Majibu bado hayajatoka. Wanasema mwisho wa mwezi ujao. Mdogo wangu anasema kwamba hawakucheka, na mmoja aliuliza ni fundi gani. Pia anasema alikosea swali moja la hesabu, na hilo nimemwambia alikumbuke vizuri, asije akalisahau miaka tisa.

Suti imesharudi kwenye msumari. Mwenye shughuli apite kwa mama aandikwe kwenye daftari. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao imeshachukuliwa na harusi, na bwana harusi amesema anataka ibaki pana.